Pampu ya Trekta Katika Nchi ya Wahunzi

Katika historia ya Karagwe chuma kina sura yake, nayo ni sura inayosomwa sana. Trekta halina hata ukurasa. Sababu yaonekana wazi. Nchi ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili, Karagwe yenyewe na Kyerwa, ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba iliyochanganywa na mibuni na maharage, na migomba haitaki plau. Jembe la mkono ndilo lililoilima nchi hiyo, na kwa sehemu kubwa ndilo linaloilima hata leo. Lakini trekta nalo lilifika. Lililima mashamba ya bondeni na ya tambarare, likavuta tela za kahawa, ndizi, matofali na maji, kisha likaharibika. Insha hii yahusu kuharibika huko. Na hasa kuharibika kwa kiungo kimoja kidogo, ambacho mtu aweza kukibeba kwa mkono mmoja, na ambacho mafundi wetu hukiita pampu ya dizeli. Mtu akiifuata historia ya pampu hiyo kwa makini ataona ndani yake jambo ambalo hesabu za kilimo hazimwonyeshi: nani alipewa mashine, nani alipewa ujuzi wake, na nani aliachiwa kulipa gharama ya kuvitenga vitu hivyo viwili.

Yafaa kwanza tukumbuke kuwa fundi si mtu mpya katika nchi hii. Huko Bweranyange, makao ya wafalme wa ukoo wa Wahinda, nyundo na fuawe vilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Mapokeo yamhusisha Ndagara, baba yake Rumanyika, na kazi ya chuma. Na Stanley, alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yenye silaha na sanamu za wanyama zilizofanywa kwa madini. Speke na Grant walikuwa wametangulia kufika Novemba 1861, na Grant, kwa ajili ya maradhi ya mguu, alibaki huko miezi kadha baada ya mwenzake kushika njia ya Buganda. Jina la Rumanyika, tangu mwaka 2019, ni jina la hifadhi ya taifa. Majina ya wahunzi wa enzi ile wageni hao hawakujishughulisha kuyaandika.

Upande wa mashariki, katika nchi ya Wahaya, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba na kukuta mabaki ya tanuri za chuma za tangu kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee walioijua kazi hiyo tangu ujana wao walikubali kujenga tanuri tena. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu jembe na chuma cha Ulaya kuizima kazi yao, na ujuzi ulibidi kukusanywa upya kutoka katika kumbukumbu za watu mbalimbali. Chuma kilipatikana. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, na ubishi wao si wetu hapa. Ninachotaka msomaji akichukue ni kwamba kazi ile ilikuwa kazi ya kutazama na kusikiliza: rangi ya moto, pumzi ya mivukuto, unyevu wa udongo. Tena ilikuwa kazi yenye miiko; si kila mtu aliruhusiwa kulikaribia tanuri, na wala si kila aliyelikaribia alifundishwa. Tutauona mwiko wa namna nyingine hapa chini.

Injini ya dizeli nayo ilizaliwa katika shida ya pumzi. Rudolf Diesel alipata hataza yake mwaka 1893, na injini yake ikafanya kazi vema huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Wazo lake lilikuwa kwamba hewa ikishindiliwa kwa nguvu ndani ya silinda hupata moto, na ikishindiliwa vya kutosha mafuta yakimwagwa humo yatawaka yenyewe bila cheche. Kulipata wazo lilikuwa jambo moja. Kuyaingiza mafuta ndani ya hewa iliyoshindiliwa namna ile lilikuwa jambo jingine kabisa, kwa kuwa hewa hiyo huyasukuma nje. Diesel aliyapuliza mafuta kwa hewa nyingine iliyoshindiliwa zaidi. Kwa maneno mengine, aliipa injini mivukuto. Mivukuto hiyo ilikuwa mtambo mzito uliofaa meli na kiwanda, lakini haukuweza kupandishwa juu ya gari, sembuse trekta. Diesel mwenyewe hakuuona mwisho wa tatizo hilo. Alitoweka usiku wa Septemba 1913 katika meli iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Uingereza.

Kilichotakiwa ni pampu itakayoyasukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa. Pampu hiyo ilipaswa kupima tone dogo, kulipeleka kwenye nozeli kwa mkazo unaozidi mara 150 ule wa hewa tuivutayo, kulikata ghafla, na kurudia. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hudai tone lake mara 1,000 katika dakika hiyo. Robert Bosch wa Stuttgart aliamua kuishughulikia kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1922, na pampu zake zikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 1927. Baada ya kupatikana pampu za namna hiyo ndipo dizeli iliposhuka kutoka melini na kwenda shambani. Mwaka 1931 kampuni ya Caterpillar ya Marekani ilikuwa ikiuza trekta la dizeli.

Pampu ya Bosch, na zile za Simms na CAV zilizotengenezwa Uingereza, zilikuwa na kipistoni kimoja kwa kila silinda, vyote vimepangwa mstari mmoja. Kipistoni na nyumba yake huchongwa pamoja na kuoanishwa, wala hakiwezi kuhamishiwa nyumba nyingine. Nafasi iliyo kati yao ni ya sehemu chache tu za elfu za milimita, hali unywele wa mtu huwa na unene wa kama sehemu 70. Kuna jambo moja la kuangalia sana hapa, nalo ni kwamba sehemu za chini za pampu hizo, yaani zile zinazozungushwa na injini, hulainishwa kwa oili iliyotiwa humo kwa ajili hiyo. Mafuta ya dizeli yakiwa mabaya, vipistoni vitaumia, lakini nusu ya chini itaendelea kuogelea katika oili yake. Fordson Major ya dizeli, iliyotolewa tangu mwanzo wa miaka ya 1950 na kuenea sana katika Afrika ya Mashariki, ilikuwa na pampu ya Simms ya aina hiyo.

Kisha ikaja pampu nyingine. Mmarekani Vernon Roosa, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya dizeli mjini New York, alichoshwa na ugumu na bei ya pampu za mstari, akabuni pampu ya kuzunguka: badala ya kipistoni kwa kila silinda, jozi moja tu ya vipistoni vinavyotazamana ndani ya mhimili unaozunguka, na mhimili huo, kila unapopita mbele ya tundu, hutoa tone kwa silinda ya zamu yake. Nasita kupita hapa bila kutaja kwamba aliyebuni chombo hicho alikuwa mtu wa kutengeneza, mwenye mikono iliyonuka mafuta. Pampu ya Roosa ilianza kuuzwa mwaka 1952, na kampuni ya CAV ya London ikapata ruhusa ya kutengeneza ya kwake kwa msingi huo, ile iitwayo DPA, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwa ndogo, nyepesi, na rahisi kuliko ile ya mstari. Matrekta ya Massey Ferguson yenye injini ya Perkins yaliichukua. Na Massey Ferguson 135, lililotolewa mwishoni mwa mwaka 1964, likaifikisha kila pembe ya dunia iliyotawaliwa au iliyokuwa imetawaliwa na Waingereza.

Lakini pampu hiyo ya kuzunguka haina oili yake. Kila kitu ndani yake, mhimili, vipistoni, roda, gavana, hulainishwa na dizeli ileile inayosukumwa. Mafuta yakiwa safi, haina haja ya kitu kingine. Yakiwa na maji, vumbi, au yakichanganywa na mafuta mepesi, hakuna sehemu itakayosalimika. Waliopunguza bei ya pampu huko Uingereza hawakuifuta gharama iliyopungua, waliihamisha. Waliitoa kiwandani wakaiweka katika tangi, katika pipa, katika chujio, yaani katika mikono ya mkulima na ya wote waliosimama njiani kati ya bandari na shamba lake. Kwa mkulima wa Norfolk ambaye gari la kampuni humjia na mafuta hadi mlangoni, mzigo huo ulikuwa mwepesi. Kwa shamba la Karagwe ulikuwa mzigo wa namna nyingine.

Tanganyika ilikuwa tayari imepata funzo kubwa la mambo haya, ingawa katika nchi ya mbali na Kagera. Mpango wa Karanga ulianza mwaka 1947 huko Kongwa, ukafuatwa na Urambo na Nachingwea. Ulikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3. Matrekta yalitafutwa kila mahali, hata yale yaliyoachwa na majeshi katika Ufilipino na Misri baada ya vita, nayo yalifika yakiwa yamechoka. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 8,000. Wanahistoria wamezoea kutaja udongo mgumu, ukosefu wa mvua na haraka ya wanasiasa wa London, na wana haki. Ila katika orodha hiyo karakana hutajwa kwa upesi mno. Mashine nyingi zilisimama kwa kuwa hazikuwa na vipuri, na kwa kuwa walioketishwa juu yake walifundishwa kuziendesha katika siku chache, na kuzitengeneza hawakufundishwa kabisa. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Lawama ya mashine zilizokufa ilimwangukia mara nyingi dereva Mwafrika, na dhana hiyo kwamba mtu wetu "huua mashine" iliishi muda mrefu kuliko mashine zenyewe.

Dhana hiyo iliambatana na kitu kinachoonekana kwa macho: risasi na waya. Pampu ya dizeli hutoka kiwandani na skrubu zake za kupimia kiasi cha mafuta na mwendo wa juu kabisa zimefungwa kwa waya mwembamba uliobanwa kwa kipande cha risasi, kama bahasha iliyotiwa muhuri wa lakiri. Vitabu vya maelekezo vilimwonya mwenye trekta asiifungue pampu, bali aipeleke kwenye karakana iliyoidhinishwa, yenye meza ya kupimia. Onyo hilo halikuwa la ubaguzi; lilikuwa kweli ya ufundi, na lilimhusu mkulima wa Norfolk sawasawa na wa Nkwenda. Pampu iliyofunguliwa na kufungwa bila kupimwa haiwezi kujulikana kama inatoa matone sawa kwa silinda zote. Lakini mwiko hufaa pale tu ambapo mwenye kuruhusiwa yupo karibu. Kwa Karagwe, kipuri cha Uingereza kilishuka Dar es Salaam au Mombasa, kikapanda gari la moshi hadi ziwani, kikavuka kwa meli hadi Bukoba, kisha kikapanda lori katika barabara ya vumbi au ya tope kupita Kyaka. Pampu iliyotolewa ili ikapimwe ilifuata njia hiyohiyo kinyume. Msimu wa kulima haungoji safari ya namna hiyo. Ndipo waya ule ukakatwa, na mkato huo ndio mwanzo wa ufundi wa dizeli wa wenyeji, ambao haujapata mwandishi wake.

Mafuta yenyewe yalisafiri namna gani? Kwa miaka mingi yalisafiri katika mapipa. Pipa la dizeli lililosimamishwa wima nje hukusanya maji ya mvua juu ya mfuniko wake. Mchana jua hulipasha, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka. Usiku wa Karagwe, ambao ni wa baridi, hewa hujikunja na kuvuta ndani kilichopo juu ya kizibo, yaani maji. Hakuna mtu aliyeyatia maji hayo. Pipa limeyavuta kwa pumzi yake lenyewe. Kinga yake ni rahisi: pipa lilazwe, au liinamishwe ili maji yasisimame kwenye kizibo, na mafuta ya chini kabisa yasitumiwe. Baadaye pipa likafuatwa na dumu la plastiki la lita 20 juu ya pikipiki, na dumu hilo jana lilibeba maji, na juzi mafuta ya taa.

Basi trekta linagoma. Fundi ajuaye kazi huanza mbali na pampu, na hilo ndilo la kwanza linalomtenga na asiyejua, ambaye huikimbilia pampu kwa spana kwa kuwa ndiyo iliyo na sifa ya ubaya. Hutazama kama tangi lina mafuta na bomba lake liko wazi. Hutazama kama ule waya wa kuzimia injini umerudi mahali pake, maana mara nyingi hukwama kwa kutu na injini hunyimwa mafuta bila kosa la mtu. Hufungua kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta na kutazama kilichotulia ndani. Maji hukaa chini, na mpaka wake na dizeli huonekana kama mstari. Halafu hugeukia chujio. Chujio lililojaa uchafu huiacha injini iwake na kusimama vizuri, lakini likipewa kazi nzito hufifia kama mtu mwenye njaa.

Hewa ndiyo adui wa pili. Mafuta hayashindiliki ila kidogo sana; hewa hushindilika kwa urahisi. Pakiwa na povu dogo ndani ya bomba, pampu hulikandamiza povu badala ya kulisukuma tone, na nozeli haifunguki. Kwa hiyo kila mara mfumo unapofunguliwa hewa hutolewa kwa utaratibu, kutoka upande wa tangi kwenda upande wa nozeli: kwenye chujio kwanza, kisha kwenye skrubu za pampu yenyewe, mwisho kwenye nati za mabomba ya nozeli huku stata ikipigwa, mpaka mafuta yatoke bila povu. Asiyefuata utaratibu huo huchosha betri siku nzima na jioni huilaumu pampu.

Injini ikiwaka lakini ikawa inatetemeka, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine. Akilegeza bomba la silinda iliyo nzima, mlio hubadilika na injini huzidi kuyumba; akilegeza lile ambalo halileti mabadiliko yoyote, amempata mgonjwa. Huo ni uchunguzi usio na gharama isipokuwa matone machache na uangalifu, kwa kuwa mafuta yatokayo kwa mkazo wa nozeli hupenya ngozi na kuingia mwilini, na kidole kilichochomwa hivyo hudai hospitali, wala si kitambaa. Moshi nao husema. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Mweupe ni mafuta yasiyowaka. Wa buluu ni oili inayoungua. Hapa Karagwe ina neno lake. Mahali penye mwinuko wa mita 1,500, hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Injini iliyopimwa kwa hewa ya Peterborough hupanda Karagwe na mafuta yaleyale na hewa pungufu, na moshi mweusi unaotoka juu ya kilima si lazima uwe ugonjwa. Fundi aliyekata waya na kuzidisha mafuta ili kupata nguvu zaidi huko juu alikuwa akizidisha kitu kisichopungua na kukiacha kilichopungua. Nguvu aliyoipata ilikuwa ndogo, na joto lililoongezeka lilizila pistoni.

Nimeacha kwa makusudi dalili iliyo nzuri kuliko zote. Pampu ya kuzunguka ikichakaa, injini huwaka asubuhi bila taabu, hufanya kazi mpaka mchana, lakini ikizimwa ingali na moto haiwaki tena mpaka ipoe. Mwenye trekta hudhani ni betri, au ni stata, na wengine husema trekta "limechoka". Sababu ni kwamba dizeli ikipata moto huwa nyepesi zaidi, na wakati wa kuwasha pampu huzunguka polepole; kwa hiyo mafuta hupenya na kupotea katika nafasi iliyokwisha kupanuka kati ya mhimili na nyumba yake, na mkazo haufiki wa kufungua nozeli. Fundi huloweka kitambaa katika maji baridi, akakifunika juu ya kichwa cha pampu, akangoja kidogo, kisha akapiga stata. Injini ikiwaka, hukumu imekwisha kutolewa: mhimili umelika, na hakuna skrubu itakayourudisha. Sijaona kipimo kingine kinachotumia kitambaa na maji na kikasema kweli ya sehemu za elfu za milimita. Wazee wa tanuri, naamini, wangalikielewa upesi.

Hukumu ikitoka, swali linalofuata si la ufundi tena, ni la fedha na njia. Na hapo historia ya taifa huingia ndani ya pampu. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa na malori na karakana zao, vilivunjwa mwaka 1976. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, yakalivunja daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba, na yakapora mitambo ya shamba la sukari la Kagera pamoja na ng'ombe na mali za watu. Vita vikaisha mwaka 1979, lakini hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka. Kipuri kikawa kitu cha kuombewa kibali. Kiwanda cha TRAMA kilianzishwa Kibaha kuunganisha matrekta ya Valmet ya Finland, jambo jema, ingawa kwa mwenye Massey Ferguson mbovu mkoani Kagera halikuleta mhimili wa pampu. Mipaka ilikuwa karibu kuliko Kibaha: Uganda kaskazini, Rwanda magharibi. Kahawa ilivuka kwa magendo, na vitu vya dukani vikarudi kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, na mwenye shehena asiyekuwa na hati ya kuinunua alikuwa na sababu ya kuogopa. Sisemi kwamba kila kipuri kilikuwa cha magendo, ila nasema kwamba katika miaka ile fundi alifanya kazi mahali ambapo kipuri halali hakikupatikana na kile kilichopatikana hakikuwa na karatasi. Katika hali hiyo kuunganisha pampu moja kutoka katika maiti za pampu tatu si uchafuzi wa kazi. Ni kazi yenyewe, japo tukijua kwamba sehemu zilizooanishwa kiwandani hazipendi ndoa ya pili.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984 vipuri vilirudi, na Karagwe ikapata chama chake kikuu cha ushirika, KDCU, mwaka 1990. Adui mpya naye akaja na soko huria. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo sana kuliko dizeli, kwa nia njema, kwa kuwa ndiyo taa ya maskini. Tofauti hiyo ya bei ilimpa muuzaji asiye mwaminifu nafasi ya kuyachanganya. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwaka, injini haikatai, mnunuzi haoni. Lakini mafuta ya taa ni makavu kuliko dizeli, hayalainishi vizuri, na pampu ya kuzunguka, tuliyokwisha kuona kwamba haina oili yake, husagika kimya kimya kwa muda wa miezi. Pampu ya Simms ya Fordson, mzee wa miaka ya 1950, iliumia lakini ikastahimili zaidi kwa ajili ya oili iliyo chini yake. Mtoto wake wa bei nafuu ndiye aliyekufa.

Serikali ilichukua hatua mbili. Mwaka 2010 ilianza kutia alama ya siri katika mafuta ya magari ili yale yaliyochanganywa yatambuliwe kwa vyombo. Na katika bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha kwa kiasi kikubwa kodi ya mafuta ya taa, ili bei yake iikaribie ile ya dizeli na faida ya kuchanganya iishe. Kwa upande wa pampu hatua hiyo ilikuwa sahihi. Kwa upande wa taa, yataka mtu atafakari. Mwaka 2011 sehemu kubwa ya nyumba za vijijini, za Karagwe zikiwa miongoni mwake, hazikuwa na umeme. Kibatari na taa ya chemni ndivyo vilivyomulikia chakula cha jioni na daftari la mwanafunzi. Ulinzi wa injini ukalipiwa kwa chupa ya mafuta ya taa iliyonunuliwa dukani na mtu asiyekuwa na trekta, wala lori, wala pikipiki. Sijui njia nyingine iliyokuwa nyepesi, lakini yafaa iandikwe nani aliyelipa. Ile gharama iliyohamishwa kutoka kiwandani London katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa imesafiri miaka zaidi ya 50, ikapita katika mapipa na madumu, ikafika mwisho kwenye utambi.

Taa za jua zimekwisha kuchukua mahali pa kibatari katika nyumba nyingi, na barabara ya lami imefika Karagwe kutoka Kyaka. Massey Ferguson za zamani zingalipo. Katika karakana za Kayanga na Omurushaka chupa ya kioo bado ni chombo cha kazi: fundi huyatia humo mafuta ya mteja, akaiweka dirishani mpaka asubuhi, akatazama kilichotulia chini. Chupa humwonyesha maji na mchanga. Mafuta ya taa haimwonyeshi.